Naombeni ushauri, mtoto anakoroma na sikio linatoa usaha

Habarini wapendwa, mwenzenu sina amani kabisa. Mwanangu ana miaka 3 na nusu, akilala anakoroma kama mtu mzima, mdomo wazi, kuna muda pumzi inakata kidogo halafu anashtuka, mi nakesha nimemwekea mkono kifuani. Sasa juzi sikio la kulia limeanza kutoa usaha mpaka mto unalowa, na nikimwita kwa nyuma hageuki. Daktari kasema ni nyama za nyuma ya pua, huenda akafanyiwa oparesheni. Mama mkwe anataka tumdondoshee mafuta ya kitunguu saumu, nimekataa, maana kama ngoma ya sikio imetoboka si ndo tunaharibu? Mliopitia hii, baada ya oparesheni usikivu ulirudi? Na alikaa siku ngapi bila kula vizuri?