Common Lisp: tulipie LispWorks au tubaki na SBCL?

Mwenye Swali: Naomba mchango wenu. Tumeandika programu ya kupanga ratiba kwa lugha ya Common Lisp, tukitumia SBCL, kompaila ya lugha hiyo, pamoja na kihariri cha Emacs na SLIME, nyongeza yake ya kuandikia Lisp, na kazi ilikwenda vizuri hadi mteja aliposema kwamba hataki kurasa za kivinjari, bali anataka madirisha na vitufe halisi kwenye kompyuta za Windows na za Mac. LispWorks, zana nyingine ya lugha hiyohiyo, huja na maktaba ya CAPI, ambayo kwa msimbo uleule huonyesha madirisha katika mifumo yote miwili, lakini ni ya kulipia. Tulipie, au tubaki na zana za bure na kuunganisha maktaba za madirisha sisi wenyewe?

Mkongwe: Lipieni. Ukiita deliver, amri ya LispWorks ya kutengeneza faili la kumkabidhi mteja, unachagua ngazi, kuanzia 0 hadi 5, na kadiri unavyopanda ndivyo visivyotumika vinavyong'olewa, ilhali save-lisp-and-die, amri ya SBCL ya kazi hiyohiyo, huhifadhi kumbukumbu nzima pamoja na kompaila yake, kiasi kwamba hata programu inayochapisha neno moja tu hufikia makumi ya megabaiti. Na niseme bila kuficha: zana za bure ni za wanaojifunza. Anayekabidhi kazi kwa mteja hulipa.

Mabano: Ningeweza kulipita suala la megabaiti, kwa kuwa faili hilo linaweza kubanwa, lakini hilo la "wanaojifunza" siwezi kulimeza. Grammarly, kampuni ya kusahihisha maandishi ya Kiingereza, walieleza hadharani mwaka 2015 jinsi wanavyoendesha Common Lisp kazini, tena kwa SBCL. ITA Software, walioandika utafutaji wa nauli za ndege kwa Common Lisp, walinunuliwa na Google mwaka 2011. Je, nao walikuwa wanajifunza? SBCL yenyewe ilianzishwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, si barazani kwa mtu.

Msoma Kumbukumbu: Ndugu Mabano, iliyoanzishwa chuoni hapo ni CMUCL, kompaila nyingine ya Common Lisp. SBCL ilichipuka kutoka kwayo mwaka 1999 kwa mkono wa William Newman, na jina lake ni utani tu juu ya matajiri wawili ambao chuo kina majina yao: Carnegie alitajirika kwa chuma na feleji, Mellon kwa benki, ndipo ikaitwa Steel Bank, yaani Benki ya Feleji. Na kwa kuwa ITA ilianzishwa 1996, haikuwezekana ianze na kitu ambacho hakikuwa kimezaliwa.

Mkongwe: Nakushukuru. Niongeze kwamba Common Lisp HyperSpec, rejea ya mtandaoni ya lugha hii, ambayo Mabano bila shaka ameifungua leo, ilitayarishwa na Kent Pitman akiwa Harlequin, kampuni ileile iliyoizaa LispWorks, wakaitoa isomwe bila malipo. Usione vyaelea, vimeundwa, na waliounda walikuwa na mishahara.

Mabano: Mzee, tatizo lako ni neno "bure". Kwa Kiswahili neno hilo hubeba mambo mawili, kisicholipiwa na kisicho na faida, nawe unarukaruka kati ya maana hizo kadiri inavyokufaa. SBCL ni huru. Msimbo wake uko wazi, na toleo jipya hutoka takriban kila mwezi.

Mkongwe: Sikuanza mimi. Mwenye swali ndiye aliyeandika "za bure".

Mwenye Swali: Niliandika hivyo nikimaanisha bei tu, wazee wangu.

Fundi wa Usiku: Katika ubishi huu wa neno mmesahau kinachouma. Niliwahi kulipia zana ya lugha nyingine, ya kampuni ambayo sitaitaja, leseni ikafungwa kwenye mashine moja. Mashine ilikufa Ijumaa jioni. Nilikaa hadi Jumanne nikisubiri namba mpya, huku msimbo wangu mwenyewe ukiwa mbele yangu na nisiweze kuukompaili. Linganisheni na juzi: hitilafu ilinitokea ndani ya sort, amri ya kupanga orodha, nikabonyeza Meta (Alt) na nukta katika SLIME, nikajikuta ninasoma msimbo wa SBCL wenyewe, mstari uliolalamika. Kosa lilikuwa langu, kwani kilinganishi changu kilikuwa kinapokea nil, yaani thamani tupu, lakini nililiona kwa dakika kumi.

Mkongwe: Hadithi ya leseni ni ya kusikitisha, ila ni ya lugha nyingine. Kuhusu sort, mwanangu, kosa lilikuwa lako, kwa hiyo hata kitabu kingekutosha.

Fundi wa Usiku: Miye si mwanao, na kitabu hakionyeshi mstari.

Mwenye Swali: Naomba turudi kwenye madirisha. Nimejaribu toleo la bila malipo la LispWorks: kila kikao hufungwa baada ya saa 5, hilo linavumilika, lakini deliver imezimwa, kwa hiyo siwezi kupima kile hasa ninachotaka kukilipia. Je, kuna aliyekwisha kumkabidhi mteja madirisha kutoka SBCL?

Mabano: Mimi, kwa LTK, maktaba ya madirisha ya Common Lisp. Inaiendesha Tk, zana ya kuchora madirisha, kama programu ya pembeni na kuzungumza nayo kwa maandishi, kwa hiyo hakuna kuhangaika na maktaba za C. Vitufe havina urembo, lakini vinabonyezeka. Sharti ni kwamba Tcl/Tk, yaani Tk pamoja na lugha yake ya Tcl, iwepo kwenye kompyuta ya mteja.

Mwenye Swali: Mteja ameandika kwenye mkataba kwamba hatasakinisha kitu kingine chochote.

Mkongwe: Basi umejibiwa.

Mabano: Amejibiwa kuhusu vitufe. Kuhusu "wanaojifunza" bado nakusubiri.