Mwenyekiti wa kijiji: ni lazima apitie chama?

HOJA (kutoka Buchosa)

Wakuu, salaam. Hoja hii naileta kwanza kwetu sisi wa Sengerema, Buchosa, Magu, Kwimba, Misungwi na Ukerewe, ila wa mikoa mingine pia karibuni. Naona wakati umefika mwananchi aruhusiwe kugombea uenyekiti wa kitongoji na wa kijiji bila kudhaminiwa na chama chochote. Sisemi vyama vifukuzwe vijijini. Nasema mlango usiwe mmoja.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara, lakini hupiti popote bila yeye. Ukienda kumdhamini ndugu polisi, barua yake. Kikundi cha akina mama kikiomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), barua yake. Majina ya kaya maskini za kusaidiwa na TASAF yanasomwa kwenye mkutano anaouongoza yeye. Mpaka wa shamba la pamba ukigombaniwa, anaitwa yeye. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi yetu, ingawa haiwezi kuigawa mpaka mkutano mkuu uridhie. Katika kazi zote hizo sioni hata moja inayohitaji ilani ya uchaguzi.

Sasa mtu huyu anapatikanaje? Kanuni zinamtaka awe mwanachama wa chama na chama kimdhamini. Mwaka 2019 Chadema na vyama vingine kadhaa vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Novemba 27, 2024 matokeo yakawa karibu yale yale. Uwe unaipenda CCM au huipendi, piga hesabu: katika vijiji vingi mwenyekiti anapatikana siku ya kura za maoni ndani ya CCM, na wanaopiga kura siku ile ni wenye kadi. Mvuvi aliyehamia mwaloni (ufukweni wanakoshushia samaki) kutoka Kagera, bibi asiye na chama, kijana aliyechoshwa na siasa, wote wanafika kituoni Novemba jambo limeshaisha.

Nitoe mfano wa kijiji kimoja cha mwambao, jina lake nalihifadhi. Akina mama wanaoanika dagaa walitaka vichanja vya pamoja. Aliyewahi kukaa mwaloni anajua: dagaa wakianikwa mchangani na mvua ikanyesha asubuhi, jioni wameshaharibika, na hata wakikauka wanabeba mchanga, mnunuzi anawataka kwa bei ya chakula cha kuku. Mama mmoja akasimama kwenye mkutano wa kijiji na daftari lake. Majina ya wanachama yalikuwemo, michango ya kila mmoja, idadi ya miti, na nyavu chakavu walizoahidiwa na wenye mitumbwi za kutandika juu. Hajafika ukurasa wa pili, sauti ikatoka nyuma: "Huyo si mwenzetu, huyo ni wa upinzani." Kosa lake ni kwamba mumewe aliwahi kugombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji. Yeye mwenyewe hana kadi ya chama chochote. Mwenyekiti akasema suala hilo litakuja kwenye mengineyo, na mengineyo hayakufikiwa. Mpaka leo wanaanika mchangani.

Kinachoniuma ni kwamba mita chache kutoka pale, kwenye mwalo huo huo, kuna uongozi unaochaguliwa bila chama: BMU, kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi. Wenye mitumbwi, mabaharia, wachuuzi na wachakataji wanachagua kamati yao, wanadhibiti nyavu haramu za timba na makokoro, wanasimamia usafi wa mwalo. Hakuna anayeulizwa kadi. Kama tunawaamini kuchagua viongozi wa ziwa bila chama, kwa nini wakipanda mita mia mbili hadi kijijini tusiwaamini?

Na hili si geni Usukumani. Serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufungua matawi Jimbo la Ziwa kati ya 1954 na 1958, lakini wakulima wa pamba walikuwa tayari wamejipanga kijiji kwa kijiji kwenye ushirika, hadi likapatikana shirikisho la Victoria mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, Sungusungu lilianza kwa wanakijiji wenyewe, tena wakati wa chama kimoja.

Kisheria mnakumbuka safari ya Mchungaji Mtikila mahakamani kudai mgombea binafsi, asiye na chama. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alikubali mgombea binafsi, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikalirudisha suala kwa Bunge, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikasema Tanzania inakiuka haki kwa kumzuia. Kesi hizo zilianzia urais na ubunge hadi chaguzi za serikali za mitaa. Mimi nauliza kwa nini tusianzie chini kabisa, ambako mgombea anajulikana mpaka kwa bibi yake.

Nawasilisha.

MCHANGIAJI WA MAGU

Ndugu mleta hoja, nimesoma yote. Nimekuwa katibu wa tawi la CCM kwa muda mrefu kabla sijapumzika, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Mwenyekiti anapokula mchango wa darasa, sisi tulikuwa tunamwita. Kwanza anaanza balozi wa shina, linakuja tawi, likishindikana linakwenda kata. Nimewahi kumuona mwenyekiti akirudisha mifuko ya saruji usiku kwa sababu asubuhi yake alitakiwa mbele ya kamati ya siasa. Huyo wako asiye na chama ataitwa na nani? Mtendaji wa kijiji hana ubavu wa kumwita, na mkuu wa wilaya yuko mbali.

La pili, BMU unayoisifia. Nenda mwaloni uangalie ni nani anaongoza. Ni wenye injini na mitumbwi. Baharia anayesubiri mgao wake siku za giza (zisizo na mwezi) zikiisha, na amekopeshwa na tajiri wakati wa mbalamwezi mitumbwi ilipokuwa imelala, atampinga tajiri huyo kwenye kura? Ukiondoa chama kijijini unampa kijiji mwenye fedha. Kwenye chama angalau maskini anaweza kupanda kwa kazi. Mimi mwenyewe nilianza kwa kupiga ngoma kwenye mikutano.

Na hilo la mama wa dagaa, aliyekosea ni mwenyekiti. Usikibebeshe chama.

MCHANGIAJI WA ILEMELA

Mimi simuungi mkono mleta hoja wala mzee wa Magu. Tatizo si mlango, tatizo ni kalamu ya msimamizi wa uchaguzi. Mwaka 2019 watu walienguliwa kwa kuambiwa fomu haikujazwa sawasawa, wengine walikuta ofisi imefungwa. Kama mgombea mwenye chama, wakili na katibu wa wilaya anaenguliwa hivyo, huyo wa binafsi aliyekuja na baiskeli yake atasimama kwa saa ngapi?

Halafu kumbukeni 2010. Mwanza ilimpeleka bungeni Wenje kutoka Nyamagana, Kiwia kutoka Ilemela na Machemli kutoka Ukerewe, wote Chadema. Haikutokea kwa bahati. Vijana walijenga misingi na matawi mitaani kwanza, hatua kwa hatua. Ukisema uongozi wa chini hauhitaji vyama, upinzani unaukatia mizizi, na CCM haitapungukiwa kitu maana mabalozi wake wapo kila nyumba kumi. Chaguzi hizi zisimamiwe na Tume ya Uchaguzi badala ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa. Hapo ndipo mngeona kama vyama ni tatizo.

MCHANGIAJI WA UKEREWE

Kaka zangu, mimi ni mchuuzi wa samaki. Mwaka 2018 ilipopita Operesheni Sangara ya kusaka uvuvi haramu na nyavu kuchomwa kandokando ya ziwa, nilimjua mwenyekiti wetu. Sitetei timba, na sangara wa chini ya sentimita 50 aachwe akue. Lakini tulitaka mtu mmoja tu wa kusimama na kusema nyavu zipimwe macho mbele ya wenyewe kabla ya kiberiti. Tulimfuata nyumbani. Alituambia yeye hawezi kuonekana anapingana na serikali ya chama chake. Hakuwa mtu mbaya, hata msiba wangu alikuja. Ila siku ile alikuwa wa chama, hakuwa wetu.

Mzee wa Magu, na wale wakubwa wa chama uliosema wanamwita mwenyekiti akikosea, wangemwita kwa kutunyamazia sisi?

Na tukiacha uchaguzi: mkutano mkuu ni kila miezi 3, mapato na matumizi yasomwe. Ulizeni kijijini kwenu yalisomwa lini.

MLETA HOJA ANAJIBU

Dada wa Ukerewe, swali lako ndilo nililokuwa nalitafutia maneno. Kamati ya siasa inamwita mwenyekiti aliyekiaibisha chama. Aliyewanyamazia wananchi ili chama kisichukie, hana wa kumwita.

Mzee wangu wa Magu, shikamoo. Hoja ya tajiri wa mitumbwi ni nzito, siipiti juu juu. Ndiyo maana sipendekezi mtu ajaze fomu tu na kuingia. Mgombea binafsi alete saini za wakazi kutoka kila kitongoji cha kijiji, siyo mwaloni peke yake, kwa sababu mwenye injini ana nguvu ufukweni lakini wakulima wa mihogo kule juu hawamdai wala hawadaiwi naye. Na mkutano mkuu uwe na njia ya wazi ya kumwondoa mwenyekiti yeyote, wa chama au asiye wa chama. Unasema chama kinamfunga mtu. Ukerewe walimchagua Mkundi kwa Chadema mwaka 2015, mwaka 2018 akahamia CCM na akarudi bungeni kwa tiketi hiyo. Kadi ilibadilika, waliompa kura ya kwanza hawakuulizwa. Kuhusu yule mama, nakubali aliyekosea ni mwenyekiti. Lakini ile sauti ya nyuma ilitosha kumnyamazisha kwa sababu kila mtu pale anajua mwenyekiti anawajibika kwa akina nani.

Mdogo wangu wa Ilemela, la Tume nakuunga mkono kwa mikono miwili, na bila hilo hili langu halifiki mbali. Ila hofu yako ya kukata mizizi ingekuwa na mashiko kama ningetaka vyama vizuiwe. Ghana wamevizuia kikatiba kwenye uchaguzi wa mabaraza ya wilaya, na bado vyama vinafanya kazi kwa mlango wa nyuma. Mimi nataka Chadema isimamishe wake, CCM isimamishe wake, na yule mama wa daftari asimame na saini zake 300 kama anazo. Akishindwa kwa kura, ameshindwa.

Kwa ratiba ya miaka 5, uchaguzi ujao wa vijiji ni 2029. Kanuni zake hutolewa na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, na maoni yanatakiwa kufika mapema, siyo mwezi wa Oktoba fomu zikiwa zimeshachapwa.

Wa Kwimba sijawasikia. Ninyi hamna mwalo, lakini mna AMCOS (ushirika wa wakulima) za pamba, na viongozi wake mnawachagua bila vyama vya siasa. Tuambieni kwa uzoefu wenu: mkulima wa ekari mbili amewahi kumshinda tajiri? Nataka kusikia hilo kabla mzee wa Magu hajarudi.