Naomba ushauri: baba ana saratani ya tezi dume, sasa mgongo unamuuma

Habari zenu ndugu zangu. Baba ana miaka 71, aligundulika na saratani ya tezi dume mwaka juzi, yuko kwenye sindano za homoni. Tangu mwezi uliopita mgongo wa chini unamuuma, usiku ndiyo balaa. Kujigeuza tu mpaka ashike ubao wa kitanda na mama amsukume kiuno. PSA (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume) imepanda kutoka 9 hadi 64.

Hospitali ya hapa wilayani walimpiga eksirei, wakasema pingili ziko sawa, tukapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu. Sijaridhika hata kidogo. Ninavyofahamu, eksirei haionyeshi kitu mpaka mfupa uwe umeshaharibika sana.

Kuna wanaotuambia twende Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akapigwe skani ya mifupa, ile ya kudungwa dawa yenye mionzi halafu mifupa ya mwili mzima inapigwa picha. Wengine wanasema hiyo huwaka hata penye baridi yabisi, na baba magoti yake ni ya siku nyingi, bora MRI inayoonyesha pingili pamoja na neva zinazopita ndani. Fedha tuliyochanga inatosha kipimo kimoja.

Kinachoninyima usingizi: juzi alijikwaa kizingitini, akasema mguu wa kushoto umekuwa mzito. Haja ndogo bado anaizuia vizuri.

Madaktari na mliouguza wazee, tuanze na kipi? Na huo mguu, tusubiri kliniki ya Jumatatu au tuondoke naye usiku huu?