Tupeane uzoefu: Uliwahi kupita njia za ndani kwa baiskeli au pikipiki miti ikiwa imegeuka rangi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nipo Vermont, Marekani, mwaka wa nne sasa, na Jumamosi ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka na baiskeli kuzurura vijijini. Msishangae, zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hili hazina lami. Ni changarawe iliyoshindiliwa, inapita katikati ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa, na unaweza kupiga nusu saa hujaona gari. Likija, dereva anakupungia mkono kama mnajuana.

Mwanzoni mwa Oktoba miti ya maple inakuwa myekundu hadi unahisi msitu unaungua. Kamusi zinauita msimu huu "vuli", mimi nimegoma. Vuli ni mvua, huku ni majani kupukutika. Ukichungulia msituni unaona mipira ya plastiki imefungwa kutoka mti hadi mti. Ni ya kugema utomvu majira ya baridi yanapoisha, wakauchemshe uwe sharubati. Wagema mnazi mngejisikia nyumbani.

Sasa aibu yangu. Kuna madaraja ya mbao yenye paa kama nyumba, waliyaezeka ili mbao zisioze. Naliona moja kwa mbele, nashuka mteremko nalikodolea macho, kumbe kwenye kona majani yamelowa umande. Yale ni sabuni, jamani. Nilibana breki ya mbele, nikajikuta mtaroni. Goti limechubuka, rimu imepinda, na baridi ilikuwa imeshaniganda vidole tangu asubuhi. Nikakokota baiskeli kilomita sita. Njiani nikakuta meza ya maboga na kopo la hela, mwenyewe hayupo. Nikaweka dola nne nikabeba boga. Msiniulize kwa nini.

Tupeane uzoefu, na wa nyumbani pia.

Mdau wa Sikonge

Mkuu pole na goti. Ila usidhani majani mekundu ni ya Wazungu peke yao. Njoo huku Tabora mwezi wa tisa, kabla tone la mvua halijadondoka. Mitundu na miuba inachipua majani mapya, na yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, wiki chache baadaye ndiyo yanakuwa kijani. Ya kwenu yanakuwa mekundu yakienda kufa, ya kwetu yakizaliwa.

Mimi ni mtu wa asali, napita huko na Boxer kukagua mizinga. Njia ni ya mchanga, pikipiki inayumba kama mlevi, ukikaza mikono umekwisha. Unalegeza, unaacha usukani ujitafutie. Lakini adui ni mbung'o. Yule anafuata kitu kinachotembea, kwa hiyo ukikimbia anakuona vizuri zaidi. Usivae bluu wala nyeusi, hata mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwaka juzi nilipata pancha katikati ya pori nimevaa ovaroli ya bluu. Kiraka nilikibandika mara tatu, maana gundi haikauki mkono mmoja ukiwa unapiga mbung'o. Kijijini niliingia nimevimba shingo, mama watoto akauliza nimepigana na nani.

Halafu hiyo meza ya maboga, mbona hata huku magunia ya mkaa yanasimama barabarani peke yake? Jaribu kushika moja uone mwenyewe anavyochomoka kichakani.

Mdau wa Lushoto

Huku hakuna majani mekundu, kuna ukungu. Mwezi wa saba nilitoka Soni alfajiri na baiskeli, taa inamulika mita mbili tu, nikasikia kengele ya ng'ombe kabla sijamwona ng'ombe. Tulisalimiana kwa karibu sana. Kwenye miteremko yetu badilisha mpira wa breki KABLA ya safari, sio baada.

Mleta mada

Mdau wa Sikonge, hilo la majani kuzaliwa mekundu nimekulia Dodoma na sikulijua. Hiyo Boxer inabeba watu wawili kwenye mchanga? Nakuja likizo mwezi wa tisa mwakani, na nguo za bluu naziacha huku.

Mdau wa Sikonge

Inabeba. Kwenye mchanga mzito utashuka usukume.