Natengeneza gemu la kutisha la msitu wa Amani: jitu lionekane au lisionekane?

Mwana wa Ngamiani
Wakuu, habari zenu.

Niko Tanga mjini. Natengeneza gemu la kompyuta kwa Godot, programu ya kutengenezea magemu, peke yangu, usiku nikishatoka kazini. Hadithi iko Amani, Usambara Mashariki, kule juu ya Muheza. Mchezaji ni dada anayemtafuta kaka yake, msaidizi wa watafiti aliyeingia msituni kupima miti na hakurudi. Alichoacha ni vibandiko vya namba kwenye mashina na kurasa za daftari lake. Hakuna bunduki wala panga, kuna tochi tu.

Shida yangu ni hii. Wenzangu ninaowapa wajaribu, mwanzoni wananyamaza kabisa. Jitu likishatokea wakaliona vizuri, hofu inakatika, wanaanza kuuliza mbona linatembea hivyo. Nimelichonga kwa muda mrefu na nalipenda. Nilitoe?

Pili, laptop yangu ina RAM ya GB 4 na haina kadi ya picha, nikijaza miti inakwama. Tatu, bibi yangu ni Msambaa, ananiambia msitu una wenyewe, nisiuchezee. Neno lake nalichukulia kwa uzito. Naombeni mawazo, hasa mliowahi kulala Amani.

Fundi Taa
Usilitoe mkuu, lisogeze mbali. Angalia gemu la Slender: The Eight Pages la 2012. Mark Hadley aliitengeneza na kuitoa bure: msitu, usiku, tochi, kurasa nane za kuokota. Kuna kiumbe anayekufuata, ukimkazia macho picha inaharibika, kwa hiyo mchezaji mwenyewe anageuka. Hapati nafasi ya kumkagua. Na kadiri unavyookota kurasa ndivyo sauti zinavyozidi kukuelemea.

La kwako unalileta mbele, kwenye mwanga, likitembea. Lisimamishe kati ya miti miwili. Tochi ikirudi pale pale lisiwepo. Hutahitaji hata kulifundisha kutembea.

Binti Chumbageni
Mimi naona litoke kabisa. Gemu la Darkwood, la wale Wapolandi wa Acid Wizard Studio, 2017, unaitazama kutoka juu, haina picha za gharama, na bado inatisha kupita mengi niliyocheza. Unaona vizuri upande unaotazama tu. Usiku ukiingia unajifungia, unasukuma fanicha mlangoni, unasikiliza nani anazunguka nyumba.

Kwako silaha kubwa ni zile namba, sijui kwa nini hujaziona. Mchezaji akishazoea kufuata 41, 42, 43, mpe 43 nyingine kwenye mti wa aina tofauti kabisa. Atadhani amezunguka. Mbele kidogo mpe namba ambayo daftari la kaka halina, mwandiko ule ule, wino haujakauka. Hapo jitu la nini tena?

Babu Muheza
Kijana wangu, hongera kwa kuchagua kwenu. Nimelala Amani mara nyingi, nikuambie kinachotisha kule.

Ni perere. Mnyama wa ukubwa wa sungura, anakaa juu ya miti, lakini kilio chake hakilingani na mwili. Kinaanza na mikwaruzo mizito, kinapanda polepole, kinaishia kwa ukelele kama wa mtu anayekabwa. Akimaliza wa bonde hili, wa ng'ambo anaitikia. Mgeni asiyeambiwa halali. Halafu kimya kinarudi, na kile kimya ndicho kibaya zaidi. Usiweke sauti za mbwa mwitu wa Ulaya kwenye msitu wa Tanga, nakuomba.

Jambo la pili ni miti yenyewe. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902 wakaleta miti ya nchi nyingi. Mpaka leo unaweza kutoka kwenye msitu wa asili, usio na mpangilio wowote, ukajikuta katikati ya miti migeni iliyopandwa kwa mistari. Unahisi kuna mtu amepanga. Tumia hapo, na ukungu ushuke hapo.

Kuhusu bibi, yuko sahihi. Usambara kuna misitu ya matambiko ambayo wenyeji wameilinda vizazi na vizazi. Usichukue mzimu wa ukoo wa watu ukaufanya kitu cha kukimbiza mchezaji. Kaa naye, muulize lipi linasemeka mbele za watu na lipi halisemeki, kisha ufuate jibu lake hata likikuharibia ukurasa mzuri.

Kodi Safi
Kwenye kukwama: tumia Godot 4 kwa hali ya Compatibility, imekusudiwa mashine dhaifu. Miti usiiweke mmoja mmoja, tumia MultiMesh ili nakala nyingi zichorwe kwa mkupuo. Na ukungu wa Amani ni zawadi kwako, maana kilichofichwa nyuma yake huna haja ya kukichora. Gemu la Silent Hill la 1999 lilifanya hivyo kwenye PlayStation ya kwanza, na ukungu ule ule ndio watu wanaoukumbuka.

Sauti zenye mahali maalumu ziwe mono, yaani za mkondo mmoja, ndipo mchezaji atajua perere yuko kushoto au nyuma. Zipishane kwa muda usiotabirika. Sikio likishajua zamu ya sauti, hofu imekwisha.

Mwana wa Ngamiani
Nashukuruni sana. Namba zinazojirudia naziingiza, na mistari ya miti ndiyo itakuwa sehemu ya mwisho ya gemu. Jitu litabaki kivuli mara moja tu, Binti Chumbageni unisamehe. Mizimu haimo tena, jana nimemwahidi bibi.

Babu, nataka kwenda kurekodi perere mwenyewe. Niende lini?

Babu Muheza
Epuka masika, Machi hadi Mei, mvua juu ya majani inafunika kila kitu. Pitia ofisi ya hifadhi pale Sigi, lipa kiingilio, waeleze kwamba unarekodi kwa ajili ya gemu, na uchukue mwongozaji mwenyeji. Usirekodi karibu na nyumba za wageni, kuna redio na mazungumzo. Perere wanalia sana usiku unapoanza na tena kabla ya alfajiri. Beba sweta na betri za akiba.