Wenye Xbox Series S na PS5 isiyo na tundu la CD hapa Uganda: mnajuta au mmeridhika?

Mpakani_Busia

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kwa watu waliokaa na mashine hizi za gemu nyumbani, si walioziona YouTube tu.

Niko Busia, upande wa Uganda. Nina PS4 Slim ambayo bado inapiga kazi. Jumapili wadogo zangu na vijana wa jirani hujaa sebuleni, tunacheza gemu ya mpira, aliyefungwa anapisha mwingine. Sasa shemeji yangu anarudi kutoka Dubai mwezi ujao na amenipa nafasi kwenye sanduku lake. Sente nilizoweka zinatosha Xbox Series S na chenji inabaki. Nikijibana, nafika PS5 Digital, ile isiyo na tundu la CD. PS5 yenye tundu la CD nayo naweza kuifikia, ila hapo sibaki na hata shilingi ya pedi ya pili ya kuchezea, na nyumba yetu bila pedi mbili hakuna mchezo.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba kila ninayemuuliza anamjua mtu aliyenunua akajuta. Nikiuliza amejuta nini hasa, sipati jibu. Hii ni pesa ya jasho, na kitu nitakachonunua nitakaa nacho miaka.

Hali yangu ni hii: intaneti ni bando la simu tu. Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. CD za PS4 ninazo kabati zima. Malipo ya kila mwezi siyataki. Waliowahi kumiliki mojawapo, semeni ukweli wenu. Au nitulie na PS4 yangu?

Ntinda_Mtaa_wa_Pili

Mimi nilikuwa na Series S, nimeshaiuza. Nianze kwa kuitendea haki: ni mashine ndogo, haina kelele, inawaka haraka, na kwa bei yake inacheza gemu karibu zote za kisasa. Wanaoiita kopo tupu wanaionea.

Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti isiyoisha. Haina tundu la CD kabisa, kwa hiyo kila gemu lazima ulipakue. Diski yake ya ndani kwa toleo la kwanza ni GB 512, lakini ukiondoa nafasi inayochukuliwa na mfumo wenyewe unabaki na kama 364. Gemu kubwa za siku hizi zinafika GB 100 na zaidi. Weka tatu au nne, basi, ukitaka nyingine ufute moja. Ukiifuta, siku ukiitaka tena unaipakua upya kwa bando lile lile. Nilikuwa naweka simu dirishani usiku mtandao ukiwa na nafuu, naiacha inagawa intaneti hadi asubuhi. Unaamka unakuta imefika nusu na bando limekata.

Halafu Game Pass. Watu wanakwambia nunua Series S kwa sababu ya Game Pass, na kweli ni gemu nyingi kwa malipo ya mwezi. Lakini Oktoba 2025 Microsoft walipandisha kifurushi cha Ultimate Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Piga hesabu ya mwaka mzima kwa shilingi zetu uone. Wewe umeshasema malipo ya kila mwezi huyataki, kwa hiyo sababu kubwa ya kuinunua imekwisha hapo.

Kaka_wa_Jinja

Una CD kabati zima za PS4 halafu unafikiria Xbox? Ndugu yangu, hizo CD utazipeleka wapi? Baki na PlayStation ya Sony.

Kibanda_Arua

Salaam. Naendesha kibanda cha PS hapa Arua, nimeona mashine nyingi zikija na kuondoka. Nitazungumzia CD, maana naona wengi wanaichukulia kama kitu cha zamani.

Hapa kwetu CD ni mali. Unanunua gemu, unaicheza hadi unaishiba, unaipeleka mjini unabadilishana na nyingine kwa kuongeza kidogo. Mwenye duka anaichukua, anaigeuza, anaimulika kwa tochi ya simu. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni haimtishi sana, anayoihofia ni ile inayozunguka na mviringo wa CD. Akiridhika anaitia kwenye mashine yake, anasubiri mpaka menyu ya gemu itokee, ndipo mnaanza kuelewana bei. Kwa mtindo huo kijana anaweza kucheza gemu nyingi kwa mwaka kwa pesa ya gemu mbili. Anaweza kumwazima rafiki, au kuiuza siku ada ya shule imembana.

Gemu ya kupakua haiuziki, haiazimiki, haibadilishwi. Imefungwa kwenye akaunti, na akaunti ikipotea imekwenda na kila kitu. Ndiyo maana Digital, hata ikiwa na bei nafuu siku unayoinunua, inakula pesa polepole baadaye. Wateja wangu walioniambia wamejuta PS5, karibu wote ni wa Digital. Wenye tundu la CD sijamsikia hata mmoja.

Tena kuna mtego nataka uujue kabla shemeji hajalipa. PS5 Digital ziko za aina mbili. Ile ya mwanzo ya 2020 haiongezwi tundu la CD maisha yake yote. Ile nyembamba, Slim, iliyotoka mwishoni mwa 2023, inakubali kifaa cha CD kinachouzwa peke yake, unakichomeka ubavuni. Zikiwa dukani zinafanana kwa mtu asiyezijua. Mwambie aangalie ubavu: wa Slim umekatwa na mstari ukawa vipande viwili, wa ile ya kwanza ni kipande kimoja kizima. Na namba ya modeli ya Slim inaanza na CFI-2, ya zamani CFI-1. Akiambiwa "ni Digital, zote sawa," aondoke.

Dada_Muyenga

Niruhusuni niseme upande wa pili, kwa sababu mimi nina PS5 Digital na sijuti hata kidogo.

Ninakoishi nina intaneti ya waya isiyo na kikomo. Nacheza peke yangu, gemu za hadithi ndefu, moja naimaliza kwa miezi. Sibadilishani na mtu. Nangoja punguzo kwenye duka la PlayStation, naingiza kadi ya zawadi, nanunua kwa nusu bei au chini ya hapo. Maisha yangu na mashine hiyo yanaelewana. Mpakani, maisha uliyoyaeleza wewe hayaelewani nayo, na ningekuwa Busia na bando la simu ningeikataa.

La muhimu kwa yeyote anayeingia PS5: duka la PlayStation halina Uganda kwenye orodha ya nchi zake. Wengi wetu tunafungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Ukinunua kadi ya Uingereza na akaunti yako ni ya Marekani, haiingii. Hata wa CD hili linawagusa: CD yenyewe itacheza popote, lakini nyongeza za gemu unazopakua lazima zilingane na eneo la CD. Chagua nchi moja tangu siku ya kwanza, ukae nayo.

Na kwa kuwa wengine watasoma uzi huu wakitafuta za kubeba mkononi: Switch Lite ni nzuri kwa safari, lakini haiunganishwi na TV. Mtoto wa dada yangu anayo na anaipenda. Anayetaka kucheza sebuleni na wenzake anunue Switch ya kawaida.

Rwenzori_Kasese

Mimi naona kujuta kwa kweli ni kununua mashine ambayo watengenezaji wenyewe waliitupa mkono. Wii U ya Nintendo ilitoka 2012, ikauza kama milioni 13.5 tu duniani, 2017 Switch ikaja na Wii U ikasahaulika. Machi 2023 wakafunga hata ununuzi kwenye duka lake la mtandaoni. Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu mtandaoni, ilianza Novemba 2019, Januari 2023 ikazimwa kabisa. Hapo ndipo mtu hushika kichwa.

PS4 haijafika huko. EA Sports FC 26 ya Septemba 2025 imetoka hata kwa PS4. Kwa hiyo kama ni mpira tu, hakuna anayekufukuza. Ila GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S peke yake, na kila mwaka orodha ya gemu zinazoiruka PS4 inarefuka. Kama shemeji anakuja na nafasi ya sanduku ipo, bei ya Dubai na bei ya Kampala unazijua. Mimi ningeitumia nafasi hiyo, ila kwa PS5 yenye CD au nisinunue kabisa.

Fundi_Kisenyi

Nyote mmeongea gemu, hakuna aliyeongea umeme. Mashine ninazofungua mezani kwangu nyingi hazikufa kwa ubovu wa kiwandani. Ni umeme, vumbi, au waya wa HDMI uliovutwa na mtu aliyejikwaa.

Ndugu wa Busia, umesema umeme unarudi kwa kishindo. Basi kabla ya pedi, kabla ya gemu, nunua stabilaiza ya maana, ile yenye kuchelewesha umeme dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Ukikatika, chomoa mashine. Usiiache PS5 kwenye hali ya kusinzia usiku ikiwa unajua unakaa mtaa wa kukatikiwa, izime kabisa, kwa sababu umeme ukikatika wakati inaandika kwenye diski yake unaweza kuharibu mafaili.

Kwa vumbi: PS5 ile ya kwanza na Slim zote zinafunguka ubavuni bila bisibisi nyingi. Toa ganda, safisha feni kwa brashi laini. Usiiweke chini sakafuni wala ndani ya kabati lililofungwa.

Na mnaonunua mitumba ya Marekani, soma maandishi ya volti kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Sisi tuko kwenye volti 240. Adapta ya Wii ya Marekani ni ya 120 tu, na tofali la Xbox 360 la huko nalo ni la volti za chini. Nimeletewa nyingi zikinuka kuungua, na mwenyewe hata menyu hakuwahi kuiona.

Mpakani_Busia

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Xbox nimeiondoa kichwani, na Digital ya 2020 pia. Stabilaiza nimeiandika juu kabisa ya orodha.

Nimebaki na swali moja. Je, nichukue Slim Digital sasa, kisha kifaa cha CD nikitafute baadaye nikipata pesa? Au nijikaze kwa yenye CD moja kwa moja, nikose pedi ya pili?

Kibanda_Arua

Chukua yenye CD moja kwa moja. Kifaa cha CD kilipotoka kiliuzwa dola 79.99, na ukikichomeka mara ya kwanza lazima mashine iwe kwenye intaneti ili wajuane. Huko kwenye bando si tatizo kubwa, lakini kukipata kifaa chenyewe hapa kwetu ni kuzunguka maduka, na bei anapanga mwenye nacho.

Na pedi ya pili unayo tayari. Pedi ya PS4 inafanya kazi kwenye PS5 ukicheza gemu za PS4. Haikubali gemu za PS5, hilo lijue, lakini CD yako ya mpira ya PS4 ukiitia kwenye PS5, pedi zako mbili za zamani zinaunganishwa na mnacheza kama kawaida. Hakikisha tu toleo lililofunguka ni la PS4. Hapa kibandani tulianza hivyo hivyo, watu wakicheza kwa pedi za zamani mpaka mashine ikajilipia pedi mpya.

Dada_Muyenga

Kweli kabisa, na kwa wawili kucheza kwenye TV moja huhitaji kulipia PlayStation Plus. Malipo hayo ni ya kucheza mtandaoni, na hata huko gemu za bure kama eFootball na Fortnite hazikudai.

Mpakani_Busia

Hapo mmenitua mzigo. Pedi za PS4 ninazo tatu. PS4 yenyewe basi nitaiuza bila pedi, au niiuze na moja?

Kaka_wa_Jinja

Uza na moja, bila pedi hakuna atakayekupa bei. Kabla hujaiuza, hamisha mafaili yako ya gemu kwenye flashi, kisha toka kwenye akaunti na uifute kabisa.

Fundi_Kisenyi

Na shemeji asilipe kabla haijawashwa mbele yake. Aingize CD, asikilize kama inasomwa bila kukwaruza, achomoe na kuchomeka HDMI mara moja aone picha inarudi, na ajaribu vijiti vyote viwili vya pedi. Risiti aifunge pamoja na boksi. Dubai hairudiki kwa boda.