Gesti ya bei nafuu Ajanta na Ellora: nilale wapi, na siku zipi?

nanga_ya_pwani

Habari zenu wakuu. Januari nitakuwa India na nataka kuyaona mapango ya Kibudha ya Ajanta na Ellora, jimbo la Maharashtra. Mpango ulivyo sasa: Jumapili jioni nashuka Aurangabad kwa treni ya kutoka Mumbai, nalala hapo hapo usiku tatu. Jumatatu naenda Ajanta na kurudi, Jumanne Ellora na kurudi, Jumatano napanda treni ya kwenda Bhopal. Nasafiri peke yangu na begi moja la mgongoni. Chumba kisizidi rupia 1,500 kwa usiku. Choo cha ndani na maji ya moto vinanitosha.

Naomba mnikosoe. Mji wa kulala ni sahihi? Na nikitafuta hoteli mtandaoni niangalie nini, maana picha zote zinafanana?

reli_na_mabasi

Mkuu, kabla ya hoteli rekebisha siku. Ajanta hufungwa kila Jumatatu, na Ellora hufungwa kila Jumanne. Ulivyopanga utakuta geti limefungwa siku zote mbili. Geuza: Jumatatu Ellora, Jumanne Ajanta.

La pili ni ramani. Ellora ipo kama kilomita 30 kaskazini-magharibi mwa Aurangabad. Ajanta ipo upande mwingine kabisa, kama kilomita 100 kaskazini-mashariki, kwenye barabara iendayo Jalgaon. Ukishafika Ajanta, Jalgaon imebaki kilomita 60 hivi. Na Jalgaon ndiyo stesheni unayoihitaji: ipo kwenye reli kuu, treni nyingi za kutoka Mumbai kwenda Bhopal na Delhi zinapita hapo. Aurangabad ipo kwenye tawi linaloanzia Manmad, na treni za moja kwa moja kutoka pale hadi Bhopal ni chache.

Kwa hiyo kurudi Aurangabad baada ya Ajanta ni kukaa kwenye basi saa mbili na nusu hadi tatu ukielekea usikotaka kwenda, kisha ulipie usiku wa tatu. Lala Aurangabad Jumapili na Jumatatu tu. Jumanne asubuhi lipa hesabu yako, beba begi, panda basi la Jalgaon, shuka Ajanta, ona mapango, halafu endelea kaskazini. Usiku wa Jumanne ama ulale Jalgaon karibu na stesheni, ama upande treni ya usiku moja kwa moja.

Jina nalo lisikuchanganye. Tangu 2023 mji unaitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar, lakini tovuti nyingi na watu wengi bado wanatumia Aurangabad. Tafuta kwa majina yote mawili, kwa hoteli na kwa treni. Halafu kuna Aurangabad nyingine jimbo la Bihar, si mbali na Gaya, na watu wanaopanga safari za Kibudha ndio hasa wanaoletewa hoteli za kule, kwa sababu Bodh Gaya, mahali Buddha alipopata mwangaza, ipo upande huo. Kabla ya kulipa soma anwani mpaka uone neno Maharashtra.

mapokezi_24

Naongezea upande wa vyumba, maana bajeti nyingi huharibikia hapo.

Swali la kwanza kwa gesti yoyote ya India: mnapokea wageni wenye pasipoti ya nje? Sheria inamtaka mwenye malazi amsajili kila mgeni wa kigeni kwa fomu ya serikali (wengi wanaijua kama Fomu C) ndani ya saa 24. Gesti ndogo nyingi hazijajiunga na mfumo huo, kwa hiyo zitakurudisha mapokezini hata kama umeshalipa. Tovuti ya kuwekea nafasi haitakuonya. Waandikie ujumbe, subiri jibu la maandishi, lihifadhi kwenye simu. Chagua nafasi unayoweza kufuta bila faini, na ulipie ukifika. Beba fotokopi tatu au nne za ukurasa wa picha wa pasipoti na viza yako. Zinaharakisha mambo saa tano usiku wakati mashine ya mapokezi imegoma.

La pili ni saa ya kutoka. Hoteli nyingine zinahesabu saa 24 tangu ulipoingia, nyingine zina saa sita mchana kwa wote. Kwa wewe unayefika jioni, saa sita mchana haina shida. Lakini anayeshuka treni saa kumi na moja alfajiri kwenye hoteli ya saa sita mchana atatozwa usiku mbili ndani ya siku moja na kidogo. Uliza kabla.

Kuhusu chumba chenyewe. Kati ya rupia 800 na 1,500 unapata chumba safi chenye feni, na mara nyingi tofauti ya chumba "chenye kiyoyozi" na "kisicho na kiyoyozi" ni rimoti tu: chumba ni kile kile, rimoti inabaki mapokezini. Januari usiku kuna ubaridi, usilipie kiyoyozi. Tumia hiyo pesa kupata chumba chenye dirisha linalofunguka, kwa sababu vyumba vya bei ya chini kabisa vinatazama korido na vinanuka unyevu. Uliza pia:

- Maji ya moto ni ya saa zote kwa hita ya chumbani, au ni ya asubuhi tu? Gesti nyingi zinayatoa kuanzia alfajiri hadi saa tatu au nne, mengine unaletewa kwa ndoo. Hita ya chumbani iwashe robo saa hadi dakika ishirini kabla ya kuoga.
- Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Usipouliza unapewa kilichopo.
- Bei ina kodi ya GST ndani au inaongezwa juu?
- Kuna ukumbi wa harusi jengoni au jirani? Novemba hadi Februari ni msimu wa harusi, na muziki wake unapita ukuta wowote.

Mahali: Aurangabad gesti za bei nafuu zipo makundi mawili, barabara ya stesheni ya reli na karibu na stendi kuu ya mabasi. Chagua stendi kuu. Mabasi ya serikali ya kwenda Ellora na ya kwenda Jalgaon kupitia Ajanta yote yanaondokea hapo, na kutoka stesheni ni safari fupi ya bajaji. Dereva wa bajaji akikwambia hoteli yako imejaa, imefungwa au imeungua, mwambie akupeleke hivyo hivyo. Kamisheni anayolipwa na hoteli nyingine inaishia kwenye bei ya chumba chako.

mwanamapango

Mimi nina neno juu ya Jumatatu. Siku yenyewe ni sahihi kwa Ellora, ila ujue mita mia chache kutoka mapangoni lipo hekalu la Grishneshwar, moja ya Jyotirlinga 12, yaani mahekalu matakatifu zaidi ya mungu wa Kihindu Shiva, na Jumatatu ndiyo siku ya Shiva. Mahujaji wanajaza mabasi na vyumba vya kijiji cha Verul, ambacho ndicho kijiji cha Ellora. Januari inavumilika. Mwezi wa Shravan, mtukufu kwa Wahindu, na siku ya Mahashivratri, sikukuu kubwa ya Shiva, usijaribu kutafuta chumba pale bila kuwa umeweka nafasi.

Kwa hiyo toka Aurangabad kwa basi la kwanza la asubuhi. Ellora hufunguliwa jua linapochomoza. Ukiingia mapema unapata saa mbili hivi kabla ya mabasi ya shule. Kuna mapango 34: ya 1 hadi 12 ni ya Kibudha, ya 13 hadi 29 ya Kihindu, ya 30 hadi 34 ya Kijaini. Wengi wanakimbilia la 16, hekalu la Kailasa, kwa sababu liko mbele ya geti. Wewe pinda kulia uanze na ya Kibudha wakati bado kimya. Pango la 10 ndilo pekee la Kibudha pale Ellora lililo ukumbi wa ibada wenye stupa (kuba takatifu la Kibudha), na dari yake imechongwa mbavu kama za mbao. Pango la 12 lina ghorofa tatu, panda mpaka juu. Kailasa liache kwa alasiri: linatazama magharibi, jua la mchana ndilo linaloingia uani. Mapango ya Kijaini yapo mbali kidogo kaskazini, kuna gari la kukupeleka ukichoka.

Ajanta ni habari nyingine, na hapa ndipo ningekusihi usiwe na haraka. Ni mapango 30 yaliyochongwa kwenye ukingo wa mto Waghora uliojikunja kama kwato ya farasi. Ya zamani zaidi ni ya karne ya 2 kabla ya Kristo, na mengi yaliyobaki ni ya karne ya 5. Wengi huyatazama kwa saa moja na nusu wakaondoka na picha zenye giza. Panga saa nne kamili. Geti linafunguliwa saa tatu asubuhi.

Michoro ipo hasa kwenye pango la 1, 2, 16 na 17. Pango la 1, lenye mchoro maarufu wa Padmapani, mtakatifu wa Kibudha aliyeshika ua la yungiyungi, ndilo la kwanza njiani na ndipo foleni inapojaa. Likiwa na msongamano lipite, nenda hadi la 26 mwishoni ukamwone Buddha aliyelala, rudi kupitia 19, 17, 16, 10 na 9, halafu umalizie na la 2 na la 1 watu wakiwa wamekwenda kula. Unavua viatu kila pango lenye michoro, kwa hiyo vaa vya kuvuliwa kwa sekunde mbili, na soksi nzito kwa ajili ya jiwe baridi. Flashi imekatazwa, na taa za ndani ni hafifu kwa makusudi: rangi zile zimeshapata taabu ya kutosha, pamoja na vanishi iliyopakwa wakati wa ukarabati wa miaka ya 1920 ambayo baadaye iligeuka njano. Ukiingia simama dakika tano bila kutazama skrini ya simu. Macho yakizoea giza, sura zinatokea ukutani zenyewe.

Tiketi kwa mgeni wa nje ni rupia 600 kila mahali, 550 ukinunua mtandaoni, na watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Kwa hiyo geti mbili peke yake zinakula karibu bei ya usiku mmoja wa hoteli yako. Ziandike kwenye bajeti tangu mwanzo.

nanga_ya_pwani

Asanteni sana, nimeshageuza siku. Mawili yamebaki: begi nitaliweka wapi nikiwa Ajanta? Na basi linanishusha getini kabisa au natembea?

reli_na_mabasi

Halikushushi getini. Basi la Jalgaon linakuacha kwenye njia panda ya Fardapur, kama kilomita 4 kutoka mapangoni. Magari ya nje hayaruhusiwi kupita hapo, moshi unapunguzwa kwa ajili ya michoro. Unalipa ada ndogo ya eneo, unapita katikati ya maduka ya mawe na vinyago, unapanda basi maalumu la kwenda kwenye ofisi ya tiketi, nauli yake ndogo unalipa tena wakati wa kurudi. Weka noti za rupia 10, 20 na 50 mfukoni. Wenyeji wanalipa kwa simu, na mwenye kadi ya nje anaweza kukwama kwa kitu cha rupia ishirini.

Begi: karibu na ofisi ya tiketi kuna mahali pa kuhifadhi mizigo kwa ada ndogo. Funga zipu kwa kufuli, pasipoti na pesa baki nazo. Usipande na begi kubwa; baada ya tiketi kuna ngazi kali.

Hesabu ya muda: toka Aurangabad saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, ufike njia panda kabla ya saa nne. Saa kumi jioni uwe umerudi barabarani kusimamisha basi la Jalgaon, safari ya saa moja na nusu hivi. Ukichelewa sana mabasi yanapita yamejaa bila kusimama. Ikitokea hivyo, Fardapur ina vyumba vichache, ikiwemo nyumba ya wageni ya shirika la utalii la jimbo, MTDC. Huko chakula cha usiku ni cha hapo hapo, nje hakuna kitu.

mapokezi_24

Ukichagua treni ya usiku badala ya chumba Jalgaon, mambo mawili. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari na vitanda vya njia hii huisha mapema, kwa hiyo usingoje ufike India. Na angalia tarehe: treni inayopita Jalgaon saa 00:40 usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano inauzwa kwa tarehe ya Jumatano. Ukikata ya Jumanne, treni yako itakuwa imeondoka karibu saa 24 kabla hujafika stesheni. Kumbuka pia saa za tiketi zao zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, si kwa saa zetu za Kiswahili.

Na kama safari yako inaanzia nchi iliyo kwenye orodha ya homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwemo, kadi ya chanjo iwe imegongwa si chini ya siku 10 kabla ya kuingia India. Bila hiyo unaweza kuwekwa karantini uwanja wa ndege, na usiku wa Jumapili uliolipia Aurangabad utakuwa umepotea.